Uzamili Kwanza au Ajira ya Fedha Kwanza: Namna ya Kuamua kwa Mhitimu wa Mombasa

Sherehe za mahafali zikiisha, mhitimu wa biashara, uchumi, hisabati au takwimu hapa Mombasa hupokea ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia aendelee na masomo kabla kichwa hakijapoa, kwa kuwa akishaonja mshahara hatarudi darasani. Wapo pia wanaomwambia kwamba nafasi za kazi ni chache, hivyo aliyeitwa kazini aitikie mara moja, vitabu vitamngoja. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu hazimsaidii mtu kuamua. Linalosaidia ni kujua ni mlango upi, katika kazi hasa unayoitaka, usiofunguka bila shahada ya pili, na ni upi unaofunguka kwa uzoefu au kwa cheti cha taaluma.

Niweke msimamo wangu wazi mapema ili msomaji aupime kadiri anavyosoma. Kwa wengi wanaokusudia kufanya kazi katika benki, bima, vyama vya akiba na mikopo, ukaguzi wa hesabu au biashara zinazoizunguka bandari, ninaona ajira itangulie na uzamili ufuate, tena ufuate tu iwapo kazi yenyewe itaudai. Kwa wachache wanaotaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti wa uchumi, mpangilio huo hugeuka. Yanayofuata ni hatua za kujua uko katika kundi lipi.

Anza na kazi yenyewe

Andika kwenye karatasi jina la kazi ambayo ungependa uwe unaifanya ukitimiza miaka 30. Usiandike jina la sekta. Afisa wa mikopo katika tawi la benki, mchambuzi wa hisa na hati fungani, mkaguzi wa hesabu, mtaalamu wa hesabu za bima, mhadhiri wa fedha na mchumi wa Benki Kuu wote huhesabiwa kuwa watu wa fedha, lakini njia zilizowafikisha walipo hazifanani hata kidogo. Ukishindwa kuchagua kazi moja, andika mbili, lakini usizidishe mbili, kwa sababu zoezi linalofuata litakuchosha bila faida.

Baada ya hapo kusanya matangazo ya ajira ya kazi hiyo, kama ishirini hivi, kutoka tovuti za waajiri na kutoka jarida la serikali la MyGov linalotoka kila Jumanne. Katika kila tangazo tenganisha masharti ambayo ni ya lazima na yale yanayotajwa kuwa yatamwongezea mwombaji nafasi. Hapa ndipo wahitimu wengi hujikwaa: wanaliona neno uzamili katika tangazo na kudhani ni sharti, ilhali limewekwa katika fungu la sifa za nyongeza, chini ya miaka mitatu au mitano ya uzoefu ambayo ndiyo sharti lenyewe. Angalia pia ngazi ya cheo. Katika utumishi wa umma, uzamili mara nyingi huanza kudaiwa kwenye vyeo vya ukurugenzi msaidizi na kuendelea juu, vyeo ambavyo mhitimu wa jana hataviomba kwa miaka mingi, awe na uzamili au asiwe nao. Kwa upande wa pili, programu za benki za kuwaandaa wahitimu wapya kuwa maofisa mara nyingi huweka kikomo cha umri, na aliyetumia miaka mitatu katika shahada ya pili anaweza kukuta amekipita kikomo hicho bila kutarajia.

Kisha zingatia sheria za taaluma, kwa sababu sheria haibembelezwi kwa shahada. Anayetaka kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni nchini Kenya ni lazima awe mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, mwenye cheti cha kuhudumu, kwa mujibu wa Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na njia ya kawaida ya kufika huko ni mitihani ya uhasibu ya CPA inayotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya taaluma iliyoanzishwa mwaka 1969. Uzamili wa fedha, hata ukitoka chuo chenye sifa duniani, hautampa haki hiyo. Mchambuzi wa uwekezaji naye ana mitihani yake: CIFA ya KASNEB, ambayo wenye taaluma hiyo wana sheria yao ya mwaka 2015, au CFA ya kimataifa yenye hatua tatu, ambayo mwanafunzi anaweza kuanza kuifanya akiwa amebakiza miezi 23 kabla ya kumaliza shahada ya kwanza. Taasisi inayoitoa CFA hushauri saa zipatazo 300 za kujisomea kwa kila hatua, na hudai pia saa 4,000 za kazi inayohusika, zilizokusanywa kwa muda usiopungua miezi 36, kabla ya mtu kuruhusiwa kuitumia hadhi hiyo. Tazama sharti hilo la mwisho kwa makini: hata ukifaulu hatua zote tatu ukiwa nyumbani, bila kazi hadhi haipatikani. ACCA, sifa ya uhasibu ya kimataifa, ina karatasi 13, na mwenye shahada ya uhasibu anaweza kusamehewa hadi tisa kati yake. Mtaalamu wa hesabu za bima vilevile hupanda kwa mitihani ya chama cha taaluma, na waajiri huhesabu karatasi alizofaulu kabla ya kuuliza kama ana uzamili.

Kwa mhadhiri hali ni kinyume kabisa. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hudai shahada ya uzamivu kwa anayeajiriwa kama mhadhiri, kwa hiyo uzamili ni ngazi ya kwanza tu, na kila mwaka unaoukaa benki ni mwaka ulioahirisha safari hiyo. Mtafiti wa uchumi pia hana njia ya mkato. Mtandao wa AERC wa utafiti wa uchumi Afrika, wenye makao yake Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1988, umekuwa ukiendesha tangu 1993 programu ya pamoja ya uzamili wa uchumi ikishirikisha vyuo kadhaa vya Afrika, na waliopitia huko wamekuwa wakichukuliwa na benki kuu na wizara za fedha. Kama karatasi yako imeandikwa mojawapo ya kazi hizi mbili, sehemu kubwa ya uamuzi wako imekwisha kufanyika.

Mji huu unatoa nini hasa

Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wa Nairobi, London au New York, na humfanya mhitimu wa Pwani aamini kwamba kazi ya fedha ni kukaa mbele ya skrini tatu akinunua na kuuza hisa. Ukweli ni kwamba Soko la Hisa liko Nairobi, na makao makuu ya benki, pamoja na idara za hazina na uwekezaji, yako huko pia. Mwenye kutaka kazi hiyo ajue tangu mwanzo kwamba anaamua mambo mawili, kazi na makazi, na kwamba kodi ya nyumba Nairobi italipwa kwa mshahara uleule.

Lakini Mombasa ina fedha ya aina yake, na sioni ni kwa nini mhitimu aliyekulia Tudor au Changamwe aipuuze. Mnada wa chai ulihamishiwa hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai inayopita humo, ya Kenya na ya majirani zake, huuzwa kwa dola za Marekani. Nyuma ya kila shehena iliyo kwenye maghala ya Shimanzi pana mtu anayehesabu mabadiliko ya sarafu, mwingine anayepanga mkopo wa mnunuzi, na mwingine benki anayekagua nyaraka za usafirishaji neno kwa neno kabla malipo hayajaruhusiwa. Kazi hiyo ya nyaraka za biashara ya nje, ambapo benki ya mnunuzi humuahidi muuzaji kwamba atalipwa akizileta hati zilizokubaliwa, haifundishwi ipasavyo katika darasa lolote ninalolijua. Hujifunzwa mezani, kwa kukosolewa na mkubwa wa kazi aliyeziona hati mbovu nyingi. Tangu 2017 waagizaji wa bidhaa wametakiwa kuikatia shehena yao bima kwa kampuni za humu nchini, na jambo hilo limeongeza haja ya watu wanaoielewa bima ya baharini. Ongeza mawakala wa forodha, vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi wa bandari na wa hoteli, na ofisi za hesabu za kampuni za meli. Katika kazi zote hizi miaka miwili ya kuzigusa nyaraka zenyewe humfaa mwombaji kuliko tasnifu kuhusu nyaraka hizo.

Ipo sehemu moja ya mji huu ambapo masomo ya juu yanaweza kuwa na uzito tofauti, nayo ni fedha ya Kiislamu. Tangu Gulf African Bank ilipoanza kazi mwaka 2008, na benki nyingine kufungua madirisha ya huduma za aina hiyo, pamekuwa na haja ya watu wanaoelewa murabaha (mauzo ya faida iliyotajwa wazi), musharaka (ubia) na takafuli (bima ya Kiislamu) kwa pande zote mbili, upande wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na upande wa vitabu vya hesabu. Watu wenye upande mmoja tu ni wengi. Wenye pande zote mbili ni adimu. Aliyesoma madrasa hadi akaiva na ana shahada ya uhasibu ana msingi ambao chuo cha INCEIF cha Kuala Lumpur, kilichoanzishwa na Benki Kuu ya Malaysia, au vyeti vya AAOIFI ya Bahrain, taasisi ya viwango vya fedha ya Kiislamu, vinaweza kuujengea juu. Aidha, wapo wahitimu ambao kufanya kazi katika benki ya riba kunawagusa dhamiri. Suala hilo lisukumwe mbele ya uamuzi, kwa mtu kumuuliza mwanachuoni anayemwamini kabla ya kutuma maombi, maana kuligundua baada ya mkataba kutiwa sahihi huleta msukosuko nyumbani na kazini.

Hesabu ambayo watu huikwepa

Inashangaza kwamba watu waliosomea fedha kwa miaka minne huamua jambo hili bila kukaa na kalamu. Tuchukue mfano, na kila msomaji abadilishe tarakimu ziwe zake.

Tuseme umepewa kazi yenye mshahara ghafi wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF itachukua 3,000, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 itachukua 1,375, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 itachukua 750, na kodi ya mapato, baada ya kuondoa nafuu ya 2,400, itakuwa kama 5,850. Kinachofika mfukoni ni takriban shilingi 39,000. Kwa miezi 24 hizo ni 936,000. Mwenye kusoma uzamili wa kutwa kwa miaka miwili anazikosa pesa hizo, na juu yake analipa karo, vitabu na gharama za utafiti. Tuseme zote pamoja ni 350,000. Gharama halisi ya uamuzi wake ni shilingi 1,286,000, ingawa risiti alizo nazo zinaonyesha 350,000 peke yake.

Sasa jiulize uzamili huo utakuongezea kiasi gani. Ukikuongezea 10,000 kwa mwezi baada ya makato, utahitaji karibu miaka 11 kuzirudisha. Ukikuongezea 25,000, itakuwa miaka minne na miezi kadhaa. Hesabu hii haijagusa jambo jingine, kwamba mwenzako aliyeanza kazi siku ile wewe ulipojiandikisha chuoni atakuwa ameshathibitishwa kazini, na huenda amepandishwa daraja, wakati wewe unaandika barua ya kwanza ya maombi. Kwa upande mwingine, ukisoma jioni huku unafanya kazi, unachokilipia ni zile 350,000 na uchovu, na kwa nyongeza ileile ya 10,000 utazirudisha kwa muda usiofika miaka mitatu.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uingizwe katika hesabu kabla ya jambo lolote jingine. Malipo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayeshindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa deni la 240,000 riba ya mwaka ni 9,600 tu, lakini faini ya mwaka mzima ni 60,000. Nimewaona vijana wakiingia uzamili wakiamini kwamba deni la shahada ya kwanza limelala usingizi kwa kuwa wamerudi chuoni. Usidhani, iandikie bodi mapema, ueleze hali yako, na uhifadhi jibu lao.

Hesabu ya upande wa ajira nayo isipambwe. Kinachoitwa kazi ya benki huenda kikawa ni kuuza akaunti na mikopo mitaani kwa kamisheni, chini ya wakala, bila mshahara wa kudumu na kwa mkataba wa miezi michache. Kazi hiyo si ya aibu, na wapo maofisa wakubwa walioanzia hapo, lakini usiiweke kwenye mizani kana kwamba ni ile ya 50,000. Kabla hujakubali, uliza kwa maandishi: mwajiri wangu ni nani hasa, benki au wakala? Mshahara wa msingi ni kiasi gani bila kamisheni? Kipindi cha majaribio ni cha muda gani? Je, waliofanya kazi hii mwaka jana wangapi wamechukuliwa ndani? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, hilo nalo ni jibu, na hapo uzamili, au mtihani wa taaluma ukiwa nyumbani, unaweza kuwa matumizi bora ya mwaka huo.

Zungumza na watu watatu

Tafuta mtu anayefanya kazi uliyoiandika na hana uzamili, mwingine anayeifanya na anao, na wa tatu ambaye yuko katikati ya masomo hayo sasa. Usiwaulize kama wanakushauri usome, kwa sababu kila mtu huitetea njia aliyoipita. Waulize mambo yaliyotokea: mtu wa mwisho kupandishwa cheo katika idara yenu alikuwa na nini? Katika wiki iliyopita ulitumia wapi ulichokisoma katika uzamili? Kama ungepewa karo yako irudi mkononi leo, ungeifanyia nini? Watu wa benki za Barabara ya Nkrumah na Moi Avenue huwa na nafasi saa ya chakula cha mchana, isipokuwa siku za mwisho wa mwezi, na wengi hawakatai kijana aliyejitambulisha kwa adabu, akasema amewajua kupitia nani, na akaomba dakika kumi tu.

Yule wa tatu ndiye mwenye habari ambazo chuo hakitakupa. Muulize kuhusu tasnifu. Masomo ya darasani kwa kawaida huisha kwa wakati. Kinachowaweka watu ni utafiti, msimamizi anayechelewa kurudisha sura, na karo inayoendelea kuhesabiwa wakati wanasubiri. Kabla hujalipa ada ya maombi katika chuo chochote, kiwe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, kampasi ya hapa ya chuo cha Nairobi, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, nenda idarani ukaulize waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi na waliohitimu ni wangapi. Uliza pia nani atasimamia mada unayoikusudia, na sasa hivi anasimamia wanafunzi wangapi.

Ukichagua kazi, linda njia ya kurudi

Hoja ya kwamba mwenye mshahara harudi darasani ni ya kweli kwa wale walioondoka bila kujiandaa. Yapo mambo ya kufanya katika miezi ya mwanzo ambayo huiacha njia wazi.

Kwanza, kama unawazia kusoma nje, ufanye mtihani wa GRE au GMAT, ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuwapima waombaji wa uzamili, wakati hisabati bado iko kichwani, kwa kuwa matokeo yake hudumu miaka mitano. Pili, chunguza masharti ya ufadhili kabla hujaamini kwamba kazi itakupotezea nafasi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili, na humtaka aliyefadhiliwa arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Programu kubwa za MBA za Marekani na Ulaya nazo hutarajia mwombaji awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa. Aliyekimbilia uzamili wa kujilipia mara tu baada ya mahafali huenda amelipia kwa taabu kitu ambacho angefadhiliwa miaka mitatu baadaye.

Tatu, msome mwajiri wako. Waajiri wengine huwalipia wafanyakazi mitihani ya taaluma au huwapa mkopo wa masomo wenye riba nafuu, lakini hufunga msaada huo kwa sharti la kubaki kazini kwa muda fulani, na anayeondoka mapema huzirudisha pesa zote. Sharti hilo si baya ilmradi ulisome kabla ya kutia sahihi. Kuhusu kusoma huku unafanya kazi, wazee walisema mshika mawili moja humponyoka, na katika benki huwa kweli mwezi wa Desemba, hesabu zinapofungwa na tawi halitoki kwa wakati. Anza na karatasi moja au mbili za mtihani wa taaluma kwa msimu mmoja, uone mwili na ratiba vinasemaje, kabla hujajiandikisha katika uzamili wa jioni. Anayeishi Likoni au Mtwapa na kufanya kazi kisiwani aihesabu pia saa ya feri au ya msongamano wa Daraja la Nyali, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo saa ya kusomea.

Ukichagua masomo, yachague kwa sababu inayoandikika

Sababu nzuri ya kutangulia na uzamili huandikika kwa sentensi moja: nataka kuwa mhadhiri, nimepata ufadhili kamili, ninahama kutoka fani nyingine, kama uhandisi, na sina msingi wa fedha, au kazi niliyoiandika inadai uzamili katika sehemu kubwa ya matangazo niliyoyakusanya. Sababu mbaya nayo hujulikana: sijapata kazi na sitaki watu waniulize ninafanya nini. Hiyo ninaielewa, kwani mtaa una macho, lakini uzamili ni njia ghali mno ya kuyakwepa maswali. Mwaka wa mafunzo ya kazini katika chama cha akiba na mikopo, hata kwa posho ndogo, pamoja na karatasi tatu za CPA, hujibu maswali hayo kwa bei ya chini.

Anayelenga uzamivu wa uchumi au wa fedha nchini Marekani ajipime kwa hisabati. Programu hizo huchukua kama miaka mitano au zaidi, mara nyingi hulipia karo na kutoa posho, na mwaka wao wa kwanza umejaa uthibitisho wa kihisabati kuliko habari za masoko. Chukua kitabu cha aljebra ya mstari na kingine cha uchambuzi halisi, uvifanyie mazoezi kwa miezi mitatu. Ukifurahia, endelea. Ukijilazimisha kila jioni, umepata jibu bila kulipa hata senti.

Nyumbani

Kwa familia nyingi za Pwani uamuzi huu si wa mtu mmoja. Mzaliwa wa kwanza mara nyingi ana wadogo wanaongoja karo, na mzazi aliyeuza kiwanja ili amsomeshe ana haki ya kuulizwa. Nenda na ile karatasi ya hesabu, useme kiasi utakachochangia nyumbani kila mwezi ukifanya kazi, na miaka mingapi familia itangoja ukisoma. Ukienda na hesabu, mazungumzo huwa mafupi na ya heshima. Ukienda na matumaini matupu, mjomba mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua. Kiasi cha mchango kikishatajwa kisibadilishwe kila mwezi, kwa sababu ndicho kitakachokuwezesha baadaye kuweka akiba ya karo bila kuonekana mchoyo.

Barua za mwisho

Jiwekee tarehe ya kuamua, nayo iwe kabla ya tarehe ya mwisho ya kukubali kazi au nafasi ya chuo, ile inayotangulia. Ukiwa na vyote viwili mkononi na umechagua kazi, usiikatae nafasi ya chuo kwa kunyamaza. Andika barua kuomba kuahirisha kujiunga kwa mwaka mmoja, ukitaja namba ya barua yao, sababu ya kuahirisha na muhula unaotarajia kuanza, kisha uombe jibu la maandishi. Vyuo vingi hukubali, baadhi kwa ada ndogo. Ukiwa umechagua masomo, mwandikie mwajiri siku hiyohiyo, umshukuru na kumweleza, ili ampe nafasi mwingine. Wakuu wa ajira wa mji huu wanajuana.

Na kwa njia yoyote uliyoichagua, pitia idarani kwako kabla mwaka haujaisha. Chukua nakala za matokeo zilizothibitishwa, zisiwe chini ya tatu, na uwaombe wahadhiri wawili waliokufundisha vizuri wakubali kuwa wadhamini wako wa kitaaluma. Waachie karatasi moja yenye namba yako ya usajili, masomo uliyosoma kwao, alama ulizopata na mada ya mradi wako, kwa sababu barua ya mapendekezo utaihitaji baada ya miaka mitatu au minne, na kufikia wakati huo watakuwa wamefundisha mamia ya wengine.